Nyumba ya Mama na Kiti cha Baba: Ndoa, Masuria na Urithi wa Utawala katika Unguja na Mrima

Msafiri atokaye Bagamoyo kwenda Msata hupita Kiwangwa, na aghalabu akumbukacho ni mananasi. Hapana gofu la kasri pale wala kaburi la sultani, na katika vitabu vilivyoandikwa juu ya ukoo wa Busaidi jina la Kiwangwa halitafutwi wala halionekani. Hata hivyo bara hilo lililo nyuma ya Bagamoyo, la Wakwere, Wadoe na Wazigua, ni mahali panapofaa kuanzia mjadala juu ya urithi wa kiti cha enzi cha Unguja. Sababu moja ni kwamba hatima ya bara hilo katika miaka ya 1880 iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na hali ya nyumba moja iliyokuwa ng'ambo ya maji. Sababu ya pili inahusu hesabu ya ukoo. Wakwere, kama jirani zao Wazaramo na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno juu yake. Mtu wa Kiwangwa aliyeambiwa kwamba sultani amekufa angeuliza kwanza swali ambalo wanahistoria wa Unguja wamechelewa kuliuliza: mama yake ni nani, na watoto wa dada zake wako wapi?

Katika Unguja ya karne ya 19 swali hilo halikuwa na nafasi katika sheria. Mtoto alikuwa wa baba yake. Mama angeweza kuwa binti wa Imamu au mjakazi aliyenunuliwa sokoni. Ikiwa baba amemkiri mtoto, mtoto ni muungwana, ni Seyyid, na ana haki sawa na ndugu zake. Kwa ajili hiyo orodha za masultani huandikwa kwa mfululizo wa majina ya wanaume, fulani bin fulani, nayo historia ya siasa imefuata orodha hizo. Mhadhara huu unaisoma orodha hiyo hiyo kwa kuwatazama wanawake wasiotajwa humo: masuria, wake, mabinti na dada. Hoja yake ni kwamba mapenzi na ndoa za nyumba ile ziliugeuza urithi wa utawala mara kadhaa, na kwamba mara nyingine ziliugeuza kimyakimya kiasi kwamba walioandika tarehe za vita na mikataba hawakuona kitu.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba jambo lenyewe si geni katika maandishi ya Kiswahili. Habari za Pate husimulia kwamba Sulaiman bin Sulaiman Nabahani alikuja kutoka Oman, akamwoa binti wa mfalme wa Pate, na kwa njia ya ndoa hiyo mkwewe akamwachia ufalme. Wanazuoni wamezitilia shaka tarehe za masimulizi hayo, na wana haki. Lakini wazo lililomo lina uzito wake hata kama tarehe ni za kubuni: mgeni hupata kiti kwa mlango wa mke, kisha wanawe hukishika kwa nasaba ya baba, na mlango ule hufungwa. Huko Usambaa nako, Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi zinaonyesha ukoo wa watawala uliotanda nchi nzima kwa kuoa. Mtawala huoa katika kila upande, na watoto wanaozaliwa huwa watawala wadogo wa pande hizo, huku wajomba zao wakiwa nyuma yao. Mpango huo hujenga dola upesi. Hubomoa upesi vilevile, maana kila mwana ana nchi, ana wajomba, na ana sababu. Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, mrithi wake alikwisha kumtangulia kaburini. Kiti akapewa mjukuu, Shekulwavu, na haukupita muda mrefu mwanawe mwingine, Semboja wa Mazinde, mwenye bunduki na njia ya misafara, akamwondoa Vugha. Vita vilivyofuata viliwajaza mateka katika soko la Pangani.

Unguja ilikuwa imepita katika shida ileile miaka michache kabla yake.

Masuria wa Seyyid Said

Seyyid Said bin Sultan alitawala tangu 1806 hadi 1856, na aliyatumia mapatano ya ndoa kama alivyozitumia merikebu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, alipokuwa akigombana na Wamazrui wa Mombasa, alipeleka barua Madagascar kumposa Malkia Ranavalona wa Kwanza, na pamoja na posa akaomba askari. Jibu lililorudi lilikuwa la adabu: desturi haikumruhusu malkia kuolewa hivyo, ila binti mwingine wa jamaa angepatikana. Posa ikaishia hapo. Said alioa pia katika jamaa ya kifalme ya Uajemi. Shesade, ambaye Seyyida Salme alimkumbuka katika kitabu chake kama mwanamke mpanda farasi na mwindaji asiyejali desturi za kujifunika, hakukaa sana. Hakuzaa, akaachwa, akarudi kwao. Hamamu ya Kidichi, yenye mapambo ya Kiajemi, yasemekana ilijengwa kwa ajili yake. Mke mkubwa wa Said alikuwa Azza binti Seif, mjukuu wa Imamu Ahmad bin Said, na kwa hiyo ndugu wa damu wa mumewe. Katika kasri la Mtoni neno lake ndilo lililokuwa neno. Naye hakuacha mtoto.

Hapa pana kiini cha mambo yote yaliyofuata. Laiti Azza angalikuwa na mwana, Unguja ingalikuwa na mrithi ambaye mamaye alikuwa Mbusaidi kama babaye, na ingalikuwa vigumu kwa ndugu zake kudai kwamba wako naye sawa. Kwa kuwa hakuwa na mwana, watoto wote wa Said waliobaki walikuwa watoto wa masuria. Salme, aliyekuwa mmoja wao, anasema kwamba baba yake alipofariki waliachwa watoto 36, wa kiume 18 na wa kike 18.

Neno suria linastahili kuangaliwa kwa makini, maana limefasiriwa vibaya katika lugha nyingi za Ulaya. Suria hakuwa hawara. Alikuwa mjakazi wa bwana mmoja tu, na akizaa naye, hauziki tena. Bwana akifa, yeye huwa huru. Mtoto wake si mtoto wa haramu. Linganisha na Uingereza ya karne ya 17: Duke wa Monmouth, mwana mkubwa wa Charles wa Pili, alipendwa na baba yake na alikuwa na wafuasi wengi, lakini mama yake hakuwa mke wa ndoa, na jambo hilo moja lilitosha kumtoa katika urithi. Alipojaribu kukichukua kiti kwa silaha mwaka 1685 alikatwa kichwa. Katika nyumba ya Busaidi watoto wa kiume 18 walisimama kwenye mstari mmoja bila yeyote kati yao kuwa Monmouth. Usawa huo ulikuwa wa haki zaidi kwa watoto, na wa hatari zaidi kwa dola, kwa sababu hapakuwa na kanuni ya kumpa nafasi mzaliwa wa kwanza. Mila ya Ibadhi ilitaka kiongozi achaguliwe kwa sifa zake. Desturi ya ukoo ilitaka apatikane mwenye nguvu ya kukishika kiti. Aliyekufa bila kuweka mambo sawa aliwaachia wanawe mashindano.

Said alijaribu kuyaweka sawa. Mwaka 1844 aliwaandikia Waingereza akamtaja Khalid kuwa mrithi wa nchi za Afrika na Thuwaini kuwa mrithi wa Oman, akamwacha nje Hilal, mwanawe mkubwa. Hilal alikwenda London kutafuta msaada, hakuupata, akafa Aden mwaka 1851. Khalid naye akafa mwaka 1854, baba angali hai. Juu ya Khalid, Salme ameacha maneno ambayo mwanahistoria wa siasa hana budi kuyatia maanani: kwamba mama yake, Khurshid, suria wa Kicherkasi, alikuwa mwanamke mrefu mwenye akili na nia ya chuma, na kwamba wakati mwanawe alipokaimu utawala watu walisema mtawala hasa ni yeye. Hata kama sehemu ya maneno hayo ni porojo za baraza la wanawake, porojo zenyewe zinaonyesha jinsi wakazi wa kasri walivyoyaelewa madaraka: nyuma ya kila mwana alikaa mama.

Na akina mama hao hawakuwa kundi moja. Masuria wa Kicherkasi na wa Kihabeshi walikuwa na vikao vyao na chuki zao, na watoto walizirithi. Salme anaeleza kwamba wale waliozaliwa na akina mama wa Kicherkasi, ambao baadhi yao walikuwa na macho ya buluu, waliitwa paka na ndugu zao wa Kihabeshi. Majid alizaliwa na Sara, Mcherkasi. Barghash alizaliwa na Mhabeshi. Si sawa kuyageuza mambo haya kuwa sababu pekee ya uadui wao, maana ndugu wa mama mmoja nao hugombana, na uchu wa madaraka hauhitaji asili ya mama. Lakini yeyote anayesoma historia ya mwaka 1856 hadi 1859 bila kujua nani alilelewa katika nyumba gani, na nani alikula na nani, atashindwa kueleza kwa nini pande ziligawanyika kama zilivyogawanyika.

Dada na shela

Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Barghash alikuwa merikebuni pamoja na maiti ya baba yake, na alipofika Unguja alijaribu kutangulia: maiti ikazikwa usiku kwa siri, naye akatafuta kuishika ngome. Hakufanikiwa. Majid akashika Unguja, Thuwaini akabaki na Maskati, na Thuwaini akadai kwamba Unguja iwe chini yake.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu tena. Njama hii yafaa ikumbukwe kwa sababu iliendeshwa kwa kiasi kikubwa na wanawake. Khole, dada yake Barghash, alikuwa mtu wa kupendwa, na Salme alimpenda kupita kiasi. Ni mapenzi hayo kwa dada, wala si chuki kwa Majid, yaliyomtoa Salme katika upande wa kaka aliyemlea. Alikuwa na umri wa miaka 15, na kwa kuwa alijifunza kuandika kwa siri, akawa karani wa waasi. Nyumba ya Barghash ilipozungukwa na askari, dada zake waliingia kumwona, wakatoka naye amefunikwa shela kama mwanamke katikati ya wanawake, na askari hawakuthubutu kuwafunua. Akafika shamba la Marseilles, akapigana, akashindwa kwa msaada ambao Waingereza walimpa Majid, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning ukaligawa rasmi dola la Said: Unguja kwa Majid, Oman kwa Thuwaini, na Unguja ilipe riali 40,000 kila mwaka.

Baada ya hapo Salme alipatana na Majid. Barghash hakumsamehe. Ugomvi huo wa nyumbani ungalibaki kuwa wa nyumbani kama si nyumba ya jirani. Mjini Unguja Salme aliishi karibu na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, na mazungumzo ya dirisha kwa dirisha yakawa mapenzi. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaeleza mapenzi hayo kwa heshima na kunyamaza juu ya mimba. Mimba tunaijua kwa njia nyingine. Tarehe 24 Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza Highflyer na kwenda Aden. Mtoto alizaliwa huko mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na Ruete siku hiyohiyo. Mtoto yule alikufa safarini kabla ya kufika Ujerumani. Ruete mwenyewe alikufa mwaka 1870 katika ajali ya tramu ya farasi, akamwacha mjane na watoto watatu.

Kwa mtazamo wa sheria, kisa hiki hakikuwa na uhusiano wowote na urithi wa kiti. Salme alikuwa mwanamke. Alitoka katika Uislamu. Hakuweza kurithi hata mnazi mmoja wa ndugu zake, sembuse kumrithisha mwanawe utawala. Hapa kanuni ya nyumba ile inaonekana waziwazi kuliko popote. Mwanamume wa Busaidi aliweza kuleta mwanamke kutoka Caucasus au Uhabeshi, naye akawazaa masultani. Mwanamke wa Busaidi aliyetoka na mgeni asiye Mwislamu alitoka na uzao wake wote. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulifunguka upande wa ndani tu.

Wajerumani hawakuzijali kanuni hizo, na hapo ndipo Mrima unapoingia. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alikwisha kukusanya karatasi za mapatano Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami, na tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani akazipa hati ya ulinzi. Barghash, aliyekuwa sultani tangu 1870, alipinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na katika msafara huo alikuwamo Emily Ruete pamoja na watoto wake. Alikuja kudai urithi wake. Bismarck alikuwa na hesabu zake: raia wa Ujerumani mwenye madai juu ya sultani ni kisingizio kizuri cha kuwa na mizinga bandarini. Upande wa Waingereza kulikuwa na wasiwasi kwamba kijana Rudolph Said, aliyezaliwa mwaka 1869, mjukuu wa Seyyid Said kwa damu na Mjerumani kwa hati, angeweza siku moja kufanywa mgombea wa kiti. Wasiwasi huo haukuwa na msingi katika fikihi. Katika siasa za mizinga ulikuwa na msingi wa kutosha. Barghash alikubali matakwa ya Wajerumani kuhusu bara. Dada yake alikataa kumwona. Bismarck alipokwisha kupata alichokitaka, madai ya mjane yalisahauliwa, naye alirudi Ulaya na ahadi tu. Akajaribu tena mwaka 1888. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924.

Pana mfano wa kuuweka kando ya huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli iliyochapwa mwaka 1903, alifundisha Kiswahili Berlin na mwaka 1904 akamwoa mwanamke wa Kijerumani. Fikihi haikumzuia, mwanamume Mwislamu anaweza kumwoa Mkristo. Waliomzuia walikuwa wakuu wa koloni, ambao mwaka 1905 hawakuruhusu ndoa ile ionekane katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Mtoro alirudi Ujerumani na mkewe. Serikali iliyokuwa imembeba Emily Ruete kwa manowari kama bendera ya heshima ya taifa ilimrudisha Mtoro kwa sababu ya ndoa ya namna ileile, jinsia zikiwa zimebadilishana nafasi.

Binti mmoja wa Majid

Kisa cha Salme kimevuta macho ya wengi, na hilo si ajabu. Lakini ikiwa swali ni urithi wa kiti, mwanamke aliyefanya kazi kubwa zaidi ni mwingine kabisa, ambaye habari zake ni chache mno.

Majid alifariki tarehe 7 Oktoba 1870. Hakuacha mwana wa kiume. Aliacha binti mmoja, Khanfora. Binti wa pekee, kwa hukumu ya mirathi, hupata nusu ya mali ya baba. Katika kiti hapati kitu. Barghash, adui wa zamani, akaingia bila vita. Matokeo ya jambo hili dogo la uzazi yalienea hadi bara. Katika miaka ya 1860 Majid alikuwa ameanza kujenga mji mpya huko Mzizima akauita Dar es Salaam, kwa nia ya kuufanya bandari kuu ya Mrima. Barghash hakuwa na hamu ya kuendeleza ndoto ya kaka yake. Majengo yakaachwa, nyingine zikaanguka, na misafara ya pembe na ya wapagazi ikaendelea kumiminika Bagamoyo. Utajiri wa Bagamoyo wa miaka ya 1870 na 1880, ambao ulivuta watu na vyakula kutoka vijiji vyote vya nyuma yake, ulikuwa na sababu nyingi za kibiashara, na Bagamoyo ilikuwa bandari kubwa hata kabla ya hapo. Lakini kama Majid angaliacha mwana mtu mzima wa kuendeleza kazi ya baba yake, mshindani wake mkuu asingaliachwa magofu. Wajerumani walipouhamishia mji mkuu Dar es Salaam mwaka 1891 walikuwa wakirudi, bila kukusudia, kwenye mpango wa Majid.

Barghash alikufa Machi 1888. Ndugu zake Khalifa na Ali wakafuatana: Khalifa ndiye aliyetia sahihi, tarehe 28 Aprili 1888, mkataba uliowapa Wajerumani forodha na utawala wa pwani, na mwezi Agosti bendera yao ilipopandishwa Bagamoyo na Pangani watu wa Mrima wakaingia vitani chini ya Abushiri na Bwana Heri. Wengi wa waliopigana hawakuwa na sababu ya kujali nani alizaliwa na suria gani. Walijali kwamba mtu aliyeketi Unguja alikuwa ametoa kisicho chake.

Ali alipokufa mwaka 1893 kizazi cha wana wa Said waliotawala kilikwisha, na wajukuu wakaanza kushindana: Khalid bin Barghash, Hamad bin Thuwaini, Hamoud bin Muhammad. Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa walinzi wa Unguja, walimweka Hamad. Alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia katika kasri na kujitangaza. Siku mbili baadaye mizinga ya manowari za Kiingereza ikalipiga kasri kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani na kisha Dar es Salaam, na Hamoud akaketishwa.

Hamoud bin Muhammad hakuwa mwana wa sultani. Baba yake, Muhammad bin Said, hakutawala kamwe. Mkewe, hata hivyo, alikuwa Khanfora binti Majid. Hapana haja ya kudai kwamba Waingereza walimchagua kwa ajili ya mkewe. Walimchagua kwa sababu hakuwa Khalid. Lakini kwa chaguo hilo damu ya Majid, iliyotoka katika kiti mwaka 1870 kwa kukosa mwana, ilirudi kwa mlango wa binti. Ali bin Hamoud, mwana wa Khanfora, akawa sultani mwaka 1902. Alikuwa mjukuu wa sultani kwa mama, na mwana wa sultani kwa baba.

Katika utawala wa hao wawili ndipo pia chanzo cha zamani cha warithi kilipokauka. Amri ya Aprili 1897, iliyotolewa na Hamoud, iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria, lakini iliwatenga masuria: hao wangehesabiwa kwa namna ya wake. Mwaka 1909, chini ya Ali, ruhusa hiyo nayo iliondolewa. Wanahistoria wa utumwa wamezijadili sana amri hizi, hasa kuchelewa kwa ile ya pili. Ni wachache waliotazama upande wake wa nasaba. Nyumba iliyokuwa ikizaa wagombea kumi na wanane kwa kizazi kimoja ilifungiwa njia iliyowazalisha. Mashindano ya ndugu, ambayo yaliwapa Waingereza nafasi ya kuamua mwaka 1861, 1893 na 1896, yalipungua pamoja na idadi ya ndugu. Wakati huo, bila shaka, Waingereza hawakuhitaji tena nafasi hiyo.

Ali bin Hamoud alisoma Harrow, akapenda Ulaya, na tarehe 9 Desemba 1911, akiwa hukohuko, akajiuzulu. Aliyemfuata alikuwa Khalifa bin Harub, aliyezaliwa Maskati mwaka 1879, mjukuu wa Thuwaini, tawi ambalo uamuzi wa 1861 ulilitenga na Unguja. Alifika Unguja mwaka 1893. Mwaka 1900 alimwoa Matuka binti Hamoud, dada yake Ali, mtoto wa Khanfora. Kwa hiyo mwaka 1911 kiti kilikwenda kwa shemeji. Watu wa Kiwangwa wangelifahamu jambo hilo bila maelezo. Mwandishi wa orodha anaona kwamba kiti kimetoka tawi la Muhammad bin Said kwenda tawi la Thuwaini bin Said; anayehesabu kwa mama anaona kwamba hakikutoka popote. Kilibaki katika nyumba ya Khanfora, kwa mwanawe kwanza, kisha kwa mkwewe, kikingoja mjukuu.

Inafaa kupima uzito wa ndoa hii kwa kuilinganisha na nyingine ya karne hiyohiyo. Tarehe 11 Desemba 1936 Edward wa Nane wa Uingereza alijiuzulu ili amwoe Wallis Simpson, na kiti kikampitia mdogo wake mpaka kwa mpwa wake Elizabeth. Dunia nzima ilisoma habari hizo magazetini. Ndoa ya Matuka haikuandikwa na yeyote nje ya Unguja, wala haikumwondoa mtu madarakani. Iliunganisha matawi mawili yaliyokuwa yametengana kwa ugomvi wa Majid na Thuwaini, ugomvi ambao karatasi ya Lord Canning iliugandisha bila kuumaliza. Mumewe alitawala karibu miaka 49, muda mrefu kuliko sultani mwingine yeyote wa Unguja baada ya Said, na hapakuwa na Khalid wa kuingia kasri usiku.

Khalifa alifariki tarehe 9 Oktoba 1960. Mwanawe aliyezaliwa na Matuka akamrithi, miaka 90 na siku mbili tangu Majid alipokufa bila mwana. Alitawala hadi Julai 1963 alipofariki, na mwanawe Jamshid alipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Jina la sultani yule wa mwaka 1960 katika nasaba rasmi ni Abdullah bin Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said. Majid, ambaye alikuwa baba wa bibi yake, hamo katika jina hilo. Wala Khanfora, wala Matuka.